Mistari Minne Isiyo na Mwenyewe

Grégoire alimwonyesha mgeni wake kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye kile cha ngozi.

"Niko na dakika makumi mbili tu, mama," alisema. "Saa ine kuko mukutano."

Viviane Bulaimu hakukaa. Aliweka mkoba wake juu ya kile kiti, akatoa karatasi nne zilizopigwa mistari kwa rula, akaandika juu ya ile ya kwanza: Kasongo, Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini, ofisi ya CT Grégoire. Pembeni akaandika 1/4. Ndivyo alivyoanza kila PV, hati ya maelezo ya polisi, tangu alipoapishwa kuwa OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye ruhusa ya kupeleleza na kuandika maelezo ya watu.

"Umeandika CT kwa herufi kubwa?" Grégoire aliuliza.

Hicho kilikuwa cheo chake cha ualimu wa chuo. Wafanyakazi wa taasisi yake ya utafiti walikitumia mno hata wengine walikuwa wamelisahau jina lake.

"Kubwa," Bulaimu alijibu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Taasisi ilikuwa ikihesabu watu wanaotetemeka mikono kwa sababu ya zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamata vumbi la dhahabu. Sidonie, mkusanyaji wa takwimu katika eneo la Wamaza, alileta orodha ya wagonjwa mia mbili na kumi na wanne. Programu ya kompyuta ya Grégoire ilihesabu mia moja themanini na watatu. Grégoire akawaandikia polisi barua kwamba Sidonie amebuni watu thelathini na mmoja ili aonekane amefanya kazi. Leo ilikuwa siku ya tisa ya Sidonie katika kasho, mahabusu ya polisi ya Kasongo. Alikuwa na mtoto wa miezi saba ambaye dada yake alimleta mlangoni mara mbili kwa siku anyonye. Kesho saa kumi na mbili asubuhi pikipiki mbili zingempeleka Kindu pamoja na karatasi za mashtaka. Kule hakukuwa na dada wa kuleta mtoto, na kesi isingekuwa tena mikononi mwa Bulaimu.

"Yule mama anakaa kwenye kivuli na anabuni majina," Grégoire alisema. "Miye nafundisha takwimu miaka kumi na moja. Ordinatere haiko na ndugu kule Wamaza. Haiko na shangazi. Inahesabu tu."

"Ni programe gani ilihesabu?"

"Programe."

"Ipi?"

"Iko moja, mama. Niliandika miye."

Bulaimu aliandika: Programu ni moja. Ameiandika yeye.

"Na ulihakikisha namna gani kama wale watu hawako?"

"Nilipiga telefone nyumba sita. Nauliza: hapo kwenu kuko Ilunga wangapi? Wananijibu: mumoja. Nyumba ingine, jina lingine, jibu lile lile. Sita kwa sita. Unataka siyansi gani ingine?"

"Nani alijibu?"

"Wamama wa nyumba. Nani mwengine anabaki na telefone muchana? Wanaume wako mu mashimo."

"Jumatatu nilikuwa Wamaza," Bulaimu alisema.

Grégoire alitazama buti za Bulaimu. Matope yalikuwa bado kwenye mshono. "Pole," alisema, kama mtu anayempa pole aliyekwenda kuteka maji kwa ungo.

Bulaimu alikuwa ameanza na nyumba ya kwanza kwenye orodha ya simu za Grégoire, kwa Nadine, mke wa mtoto wa mzee Ilunga. Nadine alimwambia alichomwambia Grégoire: ni mmoja. Bulaimu akaomba kumwona. Mzee akatoka nyuma ya nyumba, akapewa kikombe kilichojaa maji, na theluthi ikamwagika kabla ya kufika mdomoni. Bulaimu alikuwa ameshafunga kalamu wakati kijana mmoja alipopanda kutoka mtoni na karai lake. Nadine akamwita: "Somo, kuya usalimie mugeni." Bulaimu akaomba karte ya kijana, kitambulisho chake cha uchaguzi. Iliandikwa Ilunga, herufi kwa herufi kama ya babu yake. Akampa kikombe. Nusu ya maji ilikwenda kwenye kifua.

"Nadine nilimuuliza: juu ya nini ulisema mumoja?" Bulaimu alimweleza Grégoire. "Akanijibu: mama, huyu muzee ni baba mukwe. Jina lake miye siliweke mu kinywa, na mutoto alipewa jina lile lile. Basi namuita Somo. Ule wa telefone aliuliza jina la mukwe. Mukwe wangu iko mumoja."

"Ni folklore, hiyo."

"Nilifika nyumba zote sita. Babu na mujukuu. Shangazi na binti. Jina moja, kijiji kimoja, na wote wanamwaga maji."

"Sita," Grégoire alisema. "Na wale wengine makumi mbili na watano?"

"Wale ndio nimekuja kuuliza programe. Fungua."

Grégoire alicheka kwa pua. "Mama OPJ. Miye nakuheshimu. Lakini hii haiko kesi ya mbuzi."

"Mbuzi iko na mwenyewe, CT. Fungua."

Akafungua. Aligeuza kompyuta nusu tu, mpaka Bulaimu alipoishika yeye mwenyewe akamalizia kuigeuza. Ndani ya folda moja kulikuwa na faili kumi na moja. Bulaimu aliyanakili majina yake bila haraka: hesabu finale. hesabu finale 2. hesabu finale CT. hesabu finale mupya. hesabu finale ya kweli. hesabu finale ya kweli 2. hesabu finale usiguse. Na mengine ya ukoo ule ule.

Alirudi kwenye karatasi ya kwanza akasoma kwa sauti: "Programu ni moja."

"Zile zingine ni njia ya kufika kwa ile moja."

"Ni ipi ilitoa mia moja themanini na tatu?"

"Ya mwisho."

"Ya mwisho ni ipi?"

Grégoire alisogeza kidole kwenye skrini, juu, chini, juu tena. Alifungua safu ya tarehe. Faili zote kumi na moja zilikuwa zimeandikwa tarehe mosi Januari.

"Ni batri ya saa," alisema. "Ordinatere ikizima inasahau siku."

"Zote zimezaliwa siku moja. Kama wazee wa kijiji kwenye karte ya uchaguzi."

Grégoire hakuona la kuchekesha. Aliegemea kiti chake. "Sikia. Kama kuko kosa, ni Joël. Ule mutoto wa graduat, diplome ya miaka tatu tu, alikuwa asistanti wangu. Nilimufukuza mwezi wa tatu na aliondoka na hasira. Andika hiyo."

Bulaimu aliandika. Jambo hilo alikuwa amelifikiria kabla yake. Jumanne alikuwa amekwenda Lusangi kumtafuta Joël, akitarajia mtu wa kujificha. Alimkuta kando ya njia ya mashimo, chini ya sola mbili, akichaji simu za wachimbaji, kila simu na namba yake kwenye kipande cha katoni. Joël hakuulizwa mara mbili. Alitoa daftari la shule na kulifungua juu ya goti. Kila badiliko alilolifanya kwenye programu lilikuwa na namba, tarehe, sababu na jina la aliyelifanya. Chini ya kila badiliko kulikuwa na majina kumi ya kubuni ambayo jibu lake alilijua tangu mwanzo. Aliyapitisha kila mara kuona kama programu bado inahesabu sawasawa. Badiliko la mwisho lilikuwa la ishirini na tatu.

"CT alisema nini juu ya hii kaye?" Bulaimu alimuuliza siku ile.

"Aliiita kaye ya katekisimu," Joël alijibu. "Nilimuomba naye akigusa programe aandike. Kesho yake akaniambia nitafute kazi ya ukarani."

Sasa Bulaimu alitoa mkobani bahasha ya kaki. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na muhuri wa maktaba ya shule ya kanisa ulipita juu ya kifuniko, nusu huku nusu kule. Tarehe: 12 mwezi wa tatu. Namba ya kitabu cha mapokezi: 88.

"Mbele ya kuondoka Joël aliweka kopi moja kwa Sista Emilienne wa maktaba," alisema. "Sista aliniachia jana, nilisaini. Angalia muhuri. Iko muzima?"

Grégoire aliigeuza bahasha pande zote mbili. "Iko muzima."

"Imefunguliwa mbele yako saa ine na dakika tano." Akaandika hivyo, akaipasua. Ndani mlikuwa na kle moja, flashi ya kompyuta, na karatasi moja. Karatasi ilieleza programu inafanya nini, inahitaji nini ili iwake, nani waliiandika, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuisahihisha mradi aseme alichobadilisha. Jina la kwanza kati ya waandishi lilikuwa la Grégoire.

"Aliniandika wa kwanza," Grégoire alisema.

"Ni mutoto mwenye adabu. Weka liste ya Sidonie ndani."

Programu ya Joël ilifikiri kidogo, ikatoa jibu: 214.

"Sasa zile zako. Moja moja, kwa mufuatano wa majina, na hakuna kugusa kitu kingine."

Ilichukua muda. Simu ya Grégoire iliita mara mbili na mara zote mbili aliigeuza uso chini. Faili ya kwanza ilitoa 214. Ya pili 214. Ya tatu ilikataa kuwaka. Ilidai faili nyingine iliyokuwa kwenye kompyuta iliyouzwa mwaka uliopita. Ya nne ilitoa 209 na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Ile iliyoitwa usiguse ilitoa sifuri. Grégoire alianza kueleza kila jibu, kisha akaeleza moja baada ya mawili, kisha akaacha. Finale ya kweli 2 ilitoa 183. Zilizobaki zilikwenda huku na huku, lakini 183 haikurudi tena.

"Ni hii," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

"Ni hii," Bulaimu alikubali, akaizungushia duara.

Akaomba programu mbili ziwekwe kando kwa kando kwenye skrini, ya bahasha kushoto, finale ya kweli 2 kulia. Alitoa rula yake, akaiweka kwenye kioo, akaanza kuteremka mstari kwa mstari, kama anavyolinganisha maelezo mawili ya shahidi mmoja.

"Unasoma lugha hii?" Grégoire aliuliza, na midomo yake ikavutika.

"Hapana. Lakini naona mahali maneno hayafanane."

Mistari mia moja na arobaini ilifanana mpaka nukta. Kisha upande wa kulia kukawa na mistari minne ambayo kushoto haikuwako. Baada yake vyote vikafanana tena hadi mwisho. Juu ya mistari ile minne hapakuwa na tarehe, wala sababu, wala jina.

"Hii inasema nini?"

Grégoire alisogeza uso karibu. Alisoma. Akasoma tena kuanzia juu. Mashine ya umeme ilinguruma nje, na mtu mmoja barazani alikuwa akibishana juu ya ufunguo wa choo.

"CT. Inasema nini?"

"Inasema kama jina ni moja na kijiji ni kimoja, mutu wa pili aondolewe."

"Nani aliiweka?"

"Joël."

"Kaye ya Joël inafika badiliko makumi mbili na tatu, na hii haiko ndani. Kopi ya Joël ilikuwa kwa sista toka tarehe kumi na mbili, na hii haiko ndani. Toka tarehe hiyo ordinatere ilibaki kwa nani?"

"Kwangu."

"Nani mwengine anajua neno la siri?"

"Miye peke."

"Basi soma tena."

Akasoma tena. Safari hii uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayetambua shati lake kwenye kamba ya jirani.

"Kulikuwa mama mumoja," alisema. "Aurélie. Wa Lusangi. Walimuandika mara mbili, ilikuwa kosa tu. Nilitaka nimuondoe. Rapore ilikuwa inangojewa, nikaona mistari ine inatosha."

"Kwa mutu mumoja."

"Mumoja."

"Na ulijaribu kwanza kwa majina ya kubuni, kama Joël?"

"Kitu kidogo vile?"

"Na uliandika wapi kama umeiweka?"

Bulaimu alihesabu kwenye orodha ya Sidonie majina yaliyojirudia ndani ya kijiji kimoja, kila mara umri ukiwa mwingine, akayawekea nukta ya wino moja moja. Nukta zilikuwa thelathini na moja. Hakuzitaja kwa sauti. Aligeuza karatasi ili Grégoire azihesabu mwenyewe, na Grégoire akazihesabu, midomo ikichezacheza.

Katika kazi yake Bulaimu alikuwa ameketi mbele ya waongo wengi, na wengine walikuwa hodari. Mwongo hujua alipoficha kitu; ukisogea karibu na mahali pale, macho yake hukuonyesha. Huyu hakuwa na mahali. Alikuwa amemfungisha mtu kwa mistari aliyoiandika kwa mkono wake na kuisahau, na tangu asubuhi alikuwa akimwita Sidonie mbuni wa majina kwa moyo mweupe kabisa. Bulaimu angemheshimu zaidi kama angekuwa mwongo.

"Tuandike hitilafu ya mashine," Grégoire alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unaelewa, mama. Kuko mambo ya heshima ya taasisi."

"Mashine ilizaliwa wapi?"

"Nini?"

"PV inauliza jina, mahali pa kuzaliwa, kazi, sahihi. Mashine itajibu nini pale?"

"Unanichekesha."

"Hapana." Bulaimu alivuta karatasi ya pili akamwonyesha pembeni. Neno moja lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, bado linasomeka, na ukingoni palikuwa pameandikwa: Neno moja limefutwa, nimekubali. V.B. "Hapa niliandika Jumanne, ilikuwa Jumatatu. Nikifuta bila kusaini, avoka yeyote mbele ya hakimu anaitupa hii karatasi mu choo, na anafanya vizuri. Ni karatasi ya kununua sokoni, CT. Miye sikusoma kama weye. Sajini mumoja mulevi ndiye alinifundisha hii mu siku mbili."

Grégoire alitazama zile herufi mbili ndogo ukingoni.

"Nitasahihisha programe leo leo," alisema. "Nitatoa finale ingine."

"Hautagusa. Ile iliyofunga mutu inabaki vile iko. Napiga kopi ya zote kumi na moja, kila moja na namba yake, na miye na weye tunasaini. Ukitaka kusahihisha, unasahihisha kwenye kopi mupya, na unaandika ni nini umebadilisha na juu ya nini. Ukishindwa, Joël iko Lusangi. Atakufundisha akiwa anachaji masimu."

"Naye atanicheka."

"Atacheka. Kisha atakufundisha."

Alimwandikia maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe, bila kuongeza kitu: Mistari minne imeongezwa na mimi kwenye programu baada ya tarehe 12 mwezi wa tatu. Sikuiandika popote. Sikuijaribu. Mistari hiyo ndiyo iliyoondoa watu thelathini na mmoja. Watu hao wako. Grégoire alisoma mara tatu. Alitaka "imeongezwa na mimi" iwe "ilikuwa imeongezwa". Bulaimu akangoja. Mwishowe Grégoire alisaini, sahihi ndefu yenye mikunjo mingi, inayofaa diploma.

"Na mashtaka unayaondoa mwenyewe," Bulaimu alisema. "Kwa miguu yako, mbele ya komanda. Twende."

Komanda wa polisi alisoma kurasa nne akiwa amesimama, akauliza swali moja juu ya namba 88 ya bahasha, akagonga muhuri. Pikipiki za kesho zilifutwa kwenye ubao, na komanda akasaini kando ya ufutaji. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Dada wa Sidonie alikuwa tayari mlangoni na mtoto mgongoni, kwa kuwa ilikuwa saa ya kunyonya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Dady, mlinzi wa kasho, alifungua kufuli, akaita jina la Sidonie mara moja. Mwanamke mwembamba akatoka akiwa amekunja kitenge chake vizuri mkononi, akasaini kitabu baada ya kusoma kwanza alichokuwa anakisaini.

"Wale watu wangu?" alimuuliza Bulaimu.

"Wako mu PV. Wote, na majina yao."

"Na Somo?"

"Naye."

Sidonie aliitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kuaga, kama anavyoaga mtu aliyekaa mahali siku tisa. Alimpa Bulaimu mikono yote miwili. Alimpa komanda mkono. Alirudi hatua tatu akapenyeza vidole kwenye nondo kumuaga mwanamke aliyebaki ndani, akamwambia kuna sabuni chini ya mkeka. Alimpa mkono Dady, akamuulizia jino lake. Mama mmoja asiyemjua kabisa, aliyekuwa amekuja kushtaki kuku wake, naye alipewa mkono na kuulizwa habari ya nyumbani.

Grégoire alikuwa wa mwisho, kando ya mlango. Alikuwa amejiandaa, alikuwa ameshika miwani mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru.

"Sidonie," alisema. "Ilikuwa kosa la—"

Sidonie alimpokea mtoto kwa dada yake, akampachika kifuani, akapita. Kiwiko chake kilikaribia kugusa ule mkono ulionyooshwa. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Nje alimsalimia mwenye baiskeli za kukodisha.

Grégoire alibaki akiutazama mlango. Mkono wake ulishuka polepole, ukatafuta mfuko, ukakosa, ukatafuta tena.

"Hakuniona?" aliuliza.

"Alikuona, CT," Dady alisema, akaenda kufunga kufuli.